Kidonge cha Baba na Taa ya Zambarau

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla kidole changu hakijafika kwenye swichi, na usicheke, ni swichi ya taa ya kweli, ipo kazini kwangu katika chumba kidogo kisicho na dirisha, na mfukoni mwa koti langu la kazi mna kidonge kimoja cha baba yangu ambacho nikikiweka chini ya taa hiyo nitajua jambo ambalo hakuna mtu anayetakiwa kulijua, si mimi, si baba, si daktari wake, wala nesi anayempa dawa, nami nimekibeba kidonge hicho siku kadhaa sasa kama mtu aliyebeba kaa la moto, kukitupa siwezi, kukitumia naogopa.

Nieleze tangu mwanzo ili usinihukumu kwa haraka. Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yetu ni kutafuta dawa ndani ya mimea, na hasa dawa ya ule ugonjwa wa kusahau ambao madaktari wanauita dimenshia, tena ukiwa ndiyo kwanza unaanza, kabla haujammaliza mtu. Watu wakisikia hivyo wanadhani tunachemsha majani, tunakunywa, tunakaa kusubiri akili. Siyo hivyo. Majani yanakuja makavu ndani ya magunia, tunayasaga, tunayaloweka kwenye spiriti, tunachuja, kisha tunaikausha ile spiriti mpaka inabaki kama lami ya kijani inayonata kwenye kioo, inanuka nyasi zilizonyeshewa na kusahauliwa. Hiyo lami nayo tunaigawa sehemu sehemu, maana ndani ya jani moja mna vitu chungu nzima, vingine vya faida, vingine sumu, vingine havina habari na mtu. Kila sehemu tunaijaribu kwenye seli za neva tulizootesha kwenye visahani vya plastiki. Tunazitilia seli hizo uchafu uleule unaoziua kwenye ubongo wa mgonjwa, halafu tunaangalia kwa hadubini ni zipi zimekufa na zipi zimesalimika. Mara nyingi, mshauri, zinakufa zote. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeshazoea misiba.

Sasa ukaja mmea mmoja, unaitwa (jina nimelifuta, sababu utaziona chini — Mshauri), kimti tu cha kawaida ambacho watu wanakipanda uani bila kukifikiria. Asubuhi moja nikainama kwenye hadubini nikaona seli za kisahani kimoja zimenyoosha mikono yao kila upande kama watu wanaoamka wakijinyoosha, na za visahani vya jirani zote zimekauka. Nikamwita Profesa, mkuu wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo. Akaangalia. Akaangalia tena. Akasema, “Rudia.” Nikarudia, zikasalimika tena. Akasema, “Rudia, na safari hii mwenzako ndiye abandike alama, wewe usijue kipi ni kipi.” Nilikasirika kidogo, nikaona haniamini, lakini nikarudia, na zikasalimika. Kutoka hapo tukaenda kwa panya wazee waliokuwa wakisahau njia ya kwenda kwenye chakula, na baadhi yao wakaanza kuikumbuka, siyo wote, baadhi, na nakuambia ukweli kwamba siku zile nilikuwa naamka na hamu ya kwenda kazini kama mtoto anayekwenda kuangalia kama mbegu yake imechipua.

Ni wakati huohuo nyumbani baba akaanza kupotea kidogo kidogo. Baba yangu ni mwamuzi wa mpira mstaafu, mtaa mzima unamwita Refa, na hata baada ya kustaafu alikuwa akichezesha mechi za wazee wenzake. Siku moja akapuliza filimbi ya mapumziko, akatoka uwanjani, akaenda zake nyumbani. Wazee wakanywa maji, wakapumzika, wakarudi uwanjani wakasubiri, refa hayupo. Walipokuja kumtafuta walimkuta ametoka kuoga, amevaa shati safi, anasoma gazeti. Walicheka sana, naye akacheka nao, kisha walipoondoka akaniuliza taratibu mimi binti yake, ambaye huniita Mama, “Mama, ilikuwa ni mechi gani?” Hapo mimi sikucheka. Yakafuata mengine, kupiga pasi shati moja mara tatu, kwenda kwa kinyozi na kuinuka katikati akidhani wamemaliza, akarudi na kichwa kimenyolewa upande mmoja. Tukampeleka hospitali, wakampima, wakasema ni dimenshia, inaanza.

Baba hakulia. Baba aliuliza maswali. Nilipomweleza kazi ninayofanya kazini kwangu, kitu ambacho miaka yote hakuwahi kukijali, alivuta kiti karibu.

“Sasa huo mmea wako unajuaje kichwa kiko wapi? Si nimeumeza, si umeshuka tumboni?”

Nikamwambia damu ndiyo inayobeba, lakini kabla ya ubongo kuna kama ukuta unaochuja, vitu vingi vinarudishwa.

“Kwa hiyo kichwani mwangu kuna mlinzi getini?”

“Yupo, baba.”

“Na mmea wako una kitambulisho?”

“Ndicho tunachotaka kujua.”

Akacheka mpaka akakohoa. Basi majaribio kwa watu yalipoanza, hospitali inatafuta wagonjwa ambao ugonjwa ndiyo kwanza umeanza, baba mwenyewe ndiye aliyesema anataka kuingia. Nilikwenda kwa Profesa nikamwambia wazi kwamba huyu ni baba yangu. Akafikiri, akasema hakuna ubaya mradi mimi nisiguse damu yake wala karatasi zake, akanitazama machoni, akaniambia, “Nakuamini.” Mshauri, neno hilo ndilo linaloniunguza.

Nesi alimweleza baba kila kitu mbele yangu. Kwamba nusu ya watu wanapata dawa ya mmea, nusu wanapata unga mtupu usio na kitu, vidonge vinafanana kwa sura na ganda, na wanapangwa kwa bahati nasibu.

“Na wewe nesi unajua mimi niko nusu ipi?”

“Sijui, mzee.”

“Daktari je?”

“Hata yeye hajui.”

“Basi mmepata mtu wa kwenu. Mimi mwenyewe sijui mengi siku hizi.”

Nesi alicheka, na mama mmoja aliyekaa benchi la pembeni, mshonaji aliyekuja na mumewe naye kwa shida hiyohiyo, akacheka huku akijifuta macho.

Miezi ikaenda. Na hapa ndipo akili yangu ilipoanza kunichezea, maana asubuhi moja baba alikuja jikoni akaniuliza, “Wale panya wako wazee wameendeleaje?” na mazungumzo ya wale panya tulikuwa tumeyafanya jana yake, mshauri, jana yake! Mwaka mzima baba hajawahi kukumbuka mazungumzo ya jana. Niliingia bafuni nikafungua bomba ili asisikie ninavyolia. Kaka yangu, fundi umeme, anayekuja kila mwisho wa wiki, akasema, “Umeona? Ni dawa hiyo.” Wiki ileile baba akaweka birika jikoni bila maji ndani mpaka likaungua, na kaka yuleyule akasema, “Unaona? Wanampa unga.” Mimi katikati yao nikawa kama mtu anayesoma mawingu.

Sasa ile taa. Kitu tulichokitoa kwenye mmea ule kina tabia moja, ukikiweka chini ya taa yetu ya zambarau, ile inayotoa mwanga usioonekana vizuri kwa macho, kinang'aa rangi ya kijani kama macho ya paka. Ndivyo tunavyokifuatilia kazini. Unga mtupu hauwezi kung'aa. Kwa hiyo jibu la swali linaloninyima raha liko umbali wa kubonyeza swichi. Na siku moja baba alidondosha kidonge akinywa chai, kikabingirika chini ya friji, akachukua kingine akameza. Nilipofagia nikakikuta. Tulielezwa kwamba kinachodondoka kirudishwe hospitali. Sikukirudisha. Nilikipangusa vumbi, nikakitia kwenye kichupa, nikaenda nacho kazini.

Kaka anajua, nilimwambia mwenyewe, na sasa hanipi nafasi ya kupumua. “Mdogo wangu, angalia tu. Kuangalia siyo kuiba.” Nikamwambia nikiangalia nitajua, na nikijua nitafanya nini. “Kama ni dawa tumshukuru Mungu. Kama ni unga, lete hiyo lami yenu, kijiko kimoja kila siku kwenye uji, nani atajua?” Nikasema, “Kaka, hiyo bado si dawa.” Akapandisha sauti, “Kila siku bado, bado! Itakuwa dawa lini, baba akishalisahau jina lako?” Na juzi aliniomba nimwonyeshe mmea wenyewe ili achemshe majani mwenyewe kama mimi ni mwoga.

Sitaki uongo, si kaka peke yake. Hata asingesema neno, mimi nataka kujua. Kazi yangu yote ni kutaka kujua. Nimefundishwa kwamba ukiwa na swali na una chombo cha kulijibu, unalijibu. Sasa mbona hili nimekatazwa? Baba ana muda kidogo wa kuwa baba, na majaribio yatachukua zaidi ya mwaka kabla hawajafungua siri ya nani alipewa nini. Niwashe taa au nisiwashe? Nisaidie, maana nimeshasimama mlangoni mwa chumba kile zaidi ya mara moja.

Mimi,
Mwenye Kidonge Mfukoni

*

Mwenye Kidonge Mfukoni,

Pole sana, na nitakugombeza, vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo kaa vizuri.

Nianze na jina la mmea. Nimelifuta kwa kalamu nene, na nimemwambia mhariri asijaribu kulisoma kwa kuinua karatasi kwenye mwanga. Najua wasomaji wangu. Gazeti likitoka asubuhi na jina hilo, jioni hakuna uzio utakaobaki na jani mtaani. Kila mwenye mama anayesahau funguo atakuwa anachemsha sufuria. Wewe mwenyewe umesema ndani ya jani moja mna vya faida na sumu vimekaa pamoja. Kaka yako anajua kuvitenganisha kwa sufuria na kijiko cha mbao?

Na hiyo “kijiko kimoja kwenye uji” mwambie nimeuliza: kijiko kimoja cha nini? Hiyo lami imepita kwenye spiriti za maabara, haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa cha mtu, hakuna anayejua kijiko ni kidogo mno au ni cha kumpeleka baba wodini. Katika umri wa baba yako wengi wana dawa nyingine wanazomeza, za presha, za sukari. Mmeuliza zitakutana vipi na hiyo lami? Namuelewa kaka yako. Amezoea waya ukikatika auunge, taa iwake, arudi nyumbani. Anampenda baba na hana pa kushika. Lakini mapenzi hayapimi dozi.

Sasa wewe. Unasema umefundishwa kwamba ukiwa na swali na chombo, unajibu. Umesahau somo ulilonisimulia mwenyewe. Siku Profesa alipokuambia urudie bila kujua kisahani kipi ni kipi, ulikasirika, ukarudia, na ndiyo maana leo kuna mtu anayekubali kwamba zile seli zilisalimika kweli. Jicho linaloona linachotaka kuona ni jicho la kila mtu. Kaka yako kwa wiki moja aliona dawa na akaona unga ndani ya baba mmoja. Wewe ukishajua, kila baba atakapokumbuka au kusahau utakuwa na maelezo yako tayari mfukoni, na usoni, na siku nesi atakapokuuliza anaendeleaje nyumbani, utajibu kwa ulichokiona chini ya taa. Na hutaharibu ya baba peke yake. Yule mama mshonaji wa benchi la pembeni anayejifuta macho, mumewe naye yumo humo. Jibu likichafuka, linachafuka la wote.

Usifikiri nakudharau kwa kutaka kujua. Nilipomaliza barua yako hata mimi nilitaka kukupigia simu nikuambie, washa tu, nichungulie nyuma yako. Ndiyo maana siamini mtu yeyote peke yake na swichi ile, mimi nikiwemo.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni kingine. Barua yako ni ndefu, na baba yako ndiye mtu mchangamfu kuliko wote ndani yake. Anauliza kuhusu mlinzi wa getini, anamchekesha nesi, aliamua mwenyewe kuingia kwenye majaribio. Halafu wewe na kaka yako mnaanza kugombania kichwa chake, na hakuna mahali popote ulipoandika kwamba mlimuuliza. Mnazungumza juu yake kama mnavyozungumza juu ya mtu aliyelala. Kakuambia nani kwamba amelala? Ugonjwa unaoanza si ugonjwa uliomaliza.

Fanya hivi. Toa kidonge mfukoni leo. Mwite kaka yako. Chagua asubuhi, baba akiwa amepata chai na hajachoka, kiwekeni mezani mbele yake, mwambieni kila kitu, mpaka lami na kijiko, kisha mnyamaze mumsikilize. Hilo la kwanza. Na atakavyosema, hata akisema uwashe, kidonge hicho utakipeleka kwa Profesa kwa mkono wako mwenyewe na utamwambia ulikikuta wapi na umekikalia kwa nini. Aliyesema anakuamini asikie kutoka kwako.

Niandikie kabla sijachapa haya. Ukurasa utakusubiri.

*

Mpendwa mshauri,

Nimefanya.

Tulikaa mezani watatu, asubuhi, mlango wazi, nikakiweka kidonge kwenye kisosi, nikaanza kueleza na nikajikuta nasema yote kwa pumzi moja kama ninavyoandika, taa, friji, kichupa, uji. Kaka alikuwa anatazama kucha zake. Baba alikinyanyua kidonge, akakinusa, akakirudisha.

“Mimi mbona kimoja nilikitafuna.”

“Baba!”

“Mwanzoni kabisa. Nilitaka kujua. Kichungu kama nyongo.”

Kaka akaruka kwenye kiti. “Kichungu! Basi ni dawa!”

“Au ni unga uliotiwa uchungu,” baba akasema. “Ningekuwa mimi ndiye ninayeviandaa, ningetia.”

Kaka akakaa. Baba akanigeukia. “Mama, ukiwasha hiyo taa, mimi sitahitaji kukuuliza. Nitakusoma usoni ukiingia mlangoni. Ukija na uso wa unga, nitalala kitandani nisiamke. Ukija na uso wa dawa, nitajitahidi kukumbuka ili nisikuvunje moyo, nitakuwa najifanya. Sasa hapo mtakuwa mnapima nini?”

Kaka akamwambia, na sauti yake ilikatika, “Lakini baba, kama ni unga wanakupotezea muda, na muda wenyewe…” hakumalizia.

Baba alikizungusha kidonge kwenye kisosi, nikaogopa amepoteza alichotaka kusema, maana huwa inatokea. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika hapa kama alivyoyatamka.

“Naogopa, wanangu, msidhani siogopi. Lakini tangu niumwe, kila mtu ananiuliza maswali ambayo yeye anajua jibu. Leo ni siku gani, mzee. Huyu ni nani. Ulikula nini. Nikikosa, ananionea huruma. Hili la kidonge ni swali la kwanza ambalo hata Profesa hajui jibu, na mimi nimo ndani yake sawa na yeye. Msinitoe.”

Kaka alitoka nje, akakaa barazani muda, alipoingia alimwuliza baba siku ya kwenda kliniki ni lini, akasema atampeleka yeye.

Kwa Profesa nilikwenda siku ileile. Nilidhani atapiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, kichupa kipo mezani kati yetu. Akaniuliza nimewasha au sijawasha. Nikasema sijawasha. Akasema, “Ungewasha, ungekiona kinang'aa. Ungerudi nyumbani unaimba. Na usingekuwa umejua chochote.” Sikumwelewa. Akasema, “Vyote vinang'aa. Hata vya unga. Mfamasia aliyevitengeneza alitia kitu kinachong'aa kijani vilevile, na akatia uchungu, kwa sababu alijua maabara yetu ina watu wenye baba.”

Fikiria ningewasha. Ningemwambia kaka ni dawa, tungefanya sherehe, tungemtazama baba kila siku tukihesabu miujiza, na yote ingekuwa juu ya rangi tu iliyotiwa na mfamasia.

Ameniondoa kwenye chumba cha taa na kwenye kazi zote za mmea ule mpaka majaribio yaishe. Sasa naosha vyombo vya kioo na kusaga majani ya mimea mingine ambayo huenda isilete kitu. Nilistahili. Na ilibidi baba naye aende kumwambia daktari kwamba alitafuna kimoja. Wameandika, wakamwacha aendelee, nesi amemwomba asirudie. Baba ameahidi. Kisha akaniuliza kama ameahidi au bado.

Bado anasahau. Jana alinikumbusha miadi yangu ya daktari wa meno niliyokuwa nimeisahau mimi. Leo aliingia chumbani kwangu akitafuta bafu. Sijui. Nimeanza kuvumilia neno hilo, ingawa halijawa rafiki yangu.

Mimi,
Mfuko Mtupu

*

Mfuko Mtupu,

Vizuri. Naamini mfamasia wenu ana baba pia, au alikuwa naye.

Sina mengi ya kuongeza, ila haya yafanyeni bila kunibishia. Kaka yako akimpeleka baba kliniki, waende kwa miguu sehemu ya njia kama magoti yanaruhusu, wakizungumza, na kaka asimpime kwa maswali. Amuulize yale ambayo yeye kaka hayajui: ujana wake, mechi aliyowahi kuionea aibu, kwa nini alimchagua mama yenu. Hayo hayahitaji kidonge cha aina yoyote. Tena inawezekana kabisa kwamba baadhi ya siku nzuri mlizoziona zimetokana na hilo tu, kwamba kuna nesi anayemsubiri na binti anayejibu maswali yake. Siwezi kujua. Ndiyo kazi ya ile nusu yenye unga, kutuambia.

Mambo ya nyumba yapangeni sasa, wakati baba bado anaweza kusema anataka nini, nani atakaa naye, nani atamfuata akitoka. Msisubiri majaribio yaishe ndipo mzungumze. Dawa ikipatikana, mtakuwa mmezungumza tu, hakuna hasara. Isipopatikana, hamtakutwa mmekaa.

Nanyi wasomaji wengine, mzazi akianza kusahau hivyo, mpelekeni apimwe mapema, na mkisikia kuna majaribio, ulizeni hospitali, msiulize uani kwa jirani. Na tafadhali msinipigie simu kuuliza jina la mmea. Nimeshalichoma, na bahati nzuri kumbukumbu yangu nayo si ile ya zamani.

Wewe, binti, saga majani yako. Siku watakapofungua siri na mkaambiwa baba yako alikuwa nusu ipi, naomba uniandikie, maana nami nataka kujua, nataka sana. Lakini usiniambie mimi kabla hujamwambia yeye.